Weka panga chini: namna ya kumkata kuku mzima kwa kisu kidogo

Kila nikikaa kukata kuku wa shughuli, lazima atokee mtu wa kusimama pembeni na kuuliza maswali yaleyale. Unatumia kisu gani? Mbona huvunji mifupa? Mbona mimi kidari kinachanikachanika kama kimegombewa na paka? Nimejibu kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo leo nayaandika yote mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Jibu fupi: mimi sikati mifupa, nafungua maungio. Pale mfupa mmoja unapokutana na mwingine kuna kano na gegedu tu, na kisu chenye makali kinapita bila kutumia nguvu. Kikigonga kitu kigumu, ujue umekosea njia. Usikandamize, kisogeze kidogo kushoto au kulia hadi kizame chenyewe. Nadharia yote ndiyo hiyo, kinachobaki ni mazoezi.

Mimi pia nilianza na gogo na panga kama wengi. Siku moja kwenye walima nilikuwa nagawa chakula, mgeni mmoja akatoa mdomoni kibanzi cha mfupa chenye ncha kama sindano, akakiweka ukingoni mwa sahani, akaendelea kula bila kusema neno. Hakujua kwamba aliyekata ni mimi. Panga likitua kwenye mfupa wa kuku halikati, linasaga, na vile vibanzi vinaingia kwenye mchuzi, usivione hadi viwe kwenye ulimi wa mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kisu kimoja chembamba, chenye makali ya urefu wa sentimita 13 hadi 15 na ncha iliyochongoka. Kikiwa kirefu zaidi ya hapo kitakusumbua kwenye maungio. Si lazima kiwe cha bei mbaya. Cha sokoni kilichonolewa vizuri kinakishinda cha dukani kilicho butu.

Kinoo, yaani jiwe la kunolea, lile lenye upande wa kukwaruza na upande laini.

Kibao cha kukatia kisichoteleza. Tandika kitambaa kibichi chini yake. Watu wengi waliojikata walikatwa na kibao kilichoteleza, kisu kikasingiziwa tu.

Mkasi wa jikoni, kama unao. Unasaidia kwenye mgongo, lakini ukikosa hakuna kinachosimama.

Beseni mbili: moja ya vipande, moja ya mifupa na mabaki ya supu. Kitambaa kikavu cha kufutia mikono kiwe karibu, maana mafuta ya kuku kwenye mpini ni hatari kuliko makali yenyewe.

Na kuku, bila shaka. Kwa kujifunzia chukua wa kisasa, wa kilo moja na robo hadi moja na nusu, aliyekwisha kunyonyolewa na kutolewa utumbo. Maungio yake ni laini na yanaonekana. Kuku wa kienyeji nitamzungumzia chini, yeye ana mambo yake.

Noa kwanza

Ukiruka sehemu hii usinilaumu. Kisu butu kinakulazimisha kukandamiza, na ukikandamiza kwenye ngozi yenye mafuta, kisu kinateleza na kuja kwenye vidole vyako.

Lowesha kinoo kwa maji. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze hadi nusu ya njia, kisha kilaze tena nusu ya kilichobaki. Hapo umepata mwinamo wa karibu nyuzi 20 na ushee, unatosha. Sukuma kisu toka karibu na mpini hadi kwenye ncha bila kubadilisha mwinamo, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Anza na upande wa kukwaruza, malizia na ule laini. Halafu kioshe, maana vumbi la jiwe si kiungo cha pilau.

Huna kinoo? Pindua kikombe cha udongo au cha kauri. Kule chini kuna duara lisilopakwa rangi ya kung'aa, linakwaruza kidogo ukiligusa. Linanoa. Si kama jiwe, ila kwa kuku mmoja au wawili linakutoa.

Jaribu makali kwenye nyanya. Kisu kikiingia kwenye ganda kwa uzito wake bila kuibonyeza nyanya, kiko tayari. Usijaribu kwenye ukucha, hata kama umemwona mchinjaji anafanya hivyo.

Kuku awe katika hali gani

Asiwe na barafu ndani. Aliyeganda nusu anadanganya vidole: utagusa barafu ukidhani ni mfupa. Mtoe kwenye friza jana yake, umweke sehemu ya chini ya friji ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Wa kilo moja na nusu anahitaji karibu siku nzima.

Wala asiwe ametoka kuchinjwa sasa hivi. Kuku akishachinjwa mwili unakakamaa, na ukimkata wakati huo nyama inajikunja na maungio hayataki kufunguka. Ukiweza mwache kwenye ubaridi kwa muda wa saa nne hadi sita. Najua nyumbani mgeni akibisha hodi kuku anakimbizwa, na baada ya saa moja yuko sufuriani. Kwa siku ya kujifunza tafuta aliyetulia.

Mpanguse akauke, hasa ngozi. Kuku mwenye maji ni kama samaki mkononi.

Kuhusu kumwosha, ubishi huu hauishi. Kuku mbichi anaweza kuwa na bakteria kama salmonela, na maji hayawaui. Maji ya bomba yanawarusha kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye ile kachumbari uliyoiacha pembeni. Kinachowaua ni moto, nyama ifike nyuzi joto 74 hadi ndani kabisa. Kuku wa pakiti simwoshi. Kuku wa sokoni mwenye vumbi na vinyoya namwosha, ila ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia, polepole, kisha nasugua beseni kwa sabuni. Na kachumbari naikata kabla sijamgusa kuku, siyo baada.

Hatua zenyewe

1. *Mkague kwa vidole.* Mlaze chali, kidari juu, miguu ikielekea kwako. Weka kisu pembeni. Shika paja, lizungushe, sikiliza linapozungukia: hapo ndipo kiungo cha nyonga. Shika bawa, lizungushe: hapo ndipo bega. Pitisha kidole katikati ya kidari uusikie mfupa uliosimama kama mkuku wa ngalawa. Dakika moja hapa inakuokolea kumi mbele. Ukiona tezi ya njano juu ya mkia, ile yenye kichuchu, ikate sasa uitupe. Ina mafuta yenye harufu isiyopendeza kwenye mchuzi.

2. *Chana ngozi ya paja, ngozi tu.* Vuta paja mbali na mwili hadi ngozi iliyo kati yake na kidari itandazike. Ichane kwa ncha ya kisu, karibu na paja kuliko kidari. Wanaoanza wengi hukosea hapa kwa kuchana karibu na kidari, kisha kidari kinabaki uchi na kinakauka kwenye moto. Wengine wanazamisha kisu na kukata nyama. Bado hujafika kwenye nyama.

3. *Tegua nyonga.* Sasa weka kisu chini kabisa. Shika paja kwa kiganja, vidole vikiwa mgongoni mwa kuku, ulikunje kwenda nje na chini, kama unafungua kitabu kwa kukivunja uti wake. Utasikia *tok!* Kichwa cha mfupa wa paja kimetoka kwenye tundu lake, na utakiona cheupe, cha mviringo. Fanya na upande wa pili.

4. *Kata paja pamoja na kinofu chake.* Mgeuze kuku ubavu. Mgongoni, kando ya uti na juu kidogo ya nyonga, kuna kishimo, na ndani ya kishimo hicho kuna kinofu cha mviringo, kilaini, ukubwa wa sarafu kubwa. Wafaransa wamekipa jina lenye maana ya "mjinga hukiacha", na kwa kweli jikoni kwetu kinaachwa kila siku, kinaenda na mgongo kwenye supu. Ingiza ncha ya kisu nyuma yake, ukikwangue kitoke kwenye mfupa, kisha endelea hadi kwenye kiungo ulichokitegua. Pitisha kisu kati ya kichwa cha mfupa na tundu lake, vuta paja kwa mkono wa pili, limalizikie kutoka. Kama ulitegua vizuri, kisu hakitagonga chochote.

5. *Gawa paja mara mbili.* Lilaze ngozi ikiwa chini. Kwenye goti utaona mstari mwembamba wa mafuta meupe unaokatiza. Kuku amekuchorea mwenyewe. Weka kisu juu ya mstari huo, ukisogeze mlimita moja au mbili kuelekea kipande cha chini kile chenye umbo la rungu, kisha bonyeza. Kikikwama, usigonge. Kunja na kukunjua goti kwa mkono, utaona linapochezea. Fanya hivyo kwa paja la pili. Una vipande vinne.

6. *Toa mabawa.* Vuta bawa mbali na mwili, tafuta kwapa lake, chana hapo hadi uone gegedu jeupe la bega. Lizungushe bawa kidogo kiungo kifunguke, pitisha kisu. Akienda kukaangwa au kuchomwa, kata ile ncha ya bawa, inaungua kabla ya vingine, uitie kwenye beseni la supu. Sasa ni sita.

   Ukipenda kidari kilichobaki na mfupa wa kwanza wa bawa, kama wanavyopakua hotelini, kata kwenye kiungo cha pili badala ya begani. Hiyo ni ya kujivunia tu, ladha haibadiliki.

7. *Tenga mgongo na kidari.* Msimamishe kuku kwa upande wa shingo, mkia ukiwa juu. Ubavuni utaona mstari wa mafuta unaoshuka kutoka kwenye uwazi wa tumbo hadi begani. Fuata mstari huo kwa kisu au mkasi, ukikata mbavu, ambazo kwa kuku wa kisasa ni laini kama njiti, upande huu na ule. Ukifika karibu na bega, acha kukata. Shika kidari mkono mmoja, mgongo mkono wa pili, vifungue. Vitaachana hadi begani, hapo kata kano zilizobaki. Mbavu ndiyo sehemu pekee kwenye hatua hizi tisa ambapo kisu kinapita kwenye mifupa, kwa hiyo zipanguse kwa kidole kuondoa vibanzi.

8. *Toa mfupa wa kidari.* Kilaze kidari ngozi chini. Katikati, upande wa shingo, kuna gegedu jeupe. Lichane kwa ncha, kina kidogo tu. Kisha shika kidari kwa mikono miwili, vidole gumba juu, ukikunje kwenda nje. Ule mfupa wa mkuku utaruka juu *pwap!* na unaweza kuuvuta kwa vidole pamoja na gegedu lake refu. Watoto wakiwepo jikoni, hapa ndipo wanaposhangilia.

9. *Gawa kidari.* Pasua katikati, pale ulipotoka mfupa. Una vipande vinane. Vipande vya kidari ni vikubwa kuliko vingine, kwa hiyo kwa pilau au mchuzi kata kila kimoja mara mbili, kukatiza. Unapata kumi. Ukiukata mgongo mara mbili kwenye maungio ya uti, ni kumi na mbili, na shingo ni ziada ya mpishi.

Kwa wale mnaotaka kufungua banda la chipsi: robo kuku haipiti hatua zote hizi. Paja zima na kinofu chake ni robo, nusu kidari na bawa lake ni robo, mgongo unabaki wa supu. Kuku wote wawe na uzito unaokaribiana, la sivyo mteja wa jana atalinganisha na robo ya leo.

Kidari kisicho na mfupa

Baada ya hatua ya 6, usitenge mgongo. Mwache kuku chali. Sikilizia mfupa wa katikati kwa kidole, chana kando yake kwa urefu wote, upande mmoja. Kuanzia hapo elekeza makali *kwenye mfupa*, siyo kwenye nyama, na upitishe kisu kwa mivuto mirefu, myepesi, ukiifuata mbavu inavyoteremka. Mkono wa pili unaivuta nyama taratibu, unaifunua kama unavyofunua ukurasa. Usikate kama unapiga msumeno. Ile michaniko unayolalamikia inatoka hapo.

Karibu na shingo kisu kitakutana na kimfupa chembamba chenye umbo la panda ya manati. Kizungukie. Watu wenye subira hukitoa kabla ya yote: wanakwangua nyama pande mbili, wanaingiza kidole nyuma yake na kuking'oa. Nakushauri ufanye hivyo, maana kikibaki kinavunjika na kujificha ndani ya nyama.

Chini ya kidari kuna kipande kirefu chembamba kinachoachia chenyewe, kina kano nyeupe katikati. Shika ncha ya kano kwa kitambaa kikavu, weka kisu juu yake kwa mlalo, vuta kano huku kisu kimetulia. Inatoka nzima.

Paja bila mfupa

Hili likifanywa mbele ya watu wanadhani umesomea. Laza kipande cha juu cha paja, ngozi chini. Bonyeza usikie mfupa ulipo, chana nyama juu yake kuanzia kichwa hadi kichwa. Kwangua pande mbili hadi mfupa usimame peke yake, pitisha kisu chini yake katikati, geuza makali kuelekea kichwa kimoja na kwangua, kisha geuza upande wa pili. Mfupa ukitoka, pitisha kidole mahali palipokuwa na vichwa: mara zote kuna kigegedu kimebaki. Kitoe. Kwa mishikaki, paja hili ni tamu kuliko kidari na halikauki haraka.

Kumfungua kuku wa kuchoma

Kuku mzima juu ya mkaa ana tabia ya kuungua nje akiwa mbichi kwenye paja. Dawa ni kumtandaza. Mlaze kifudifudi, kata kando ya uti wa mgongo kwa mkasi au kisu kizito kidogo, toka mkiani hadi shingoni, pande zote mbili, uti wote utoke. Mgeuze, mfungue, weka viganja viwili juu ya kidari na usukume kwa uzito wa mwili hadi usikie mlio. Sasa analala bapa, unene karibu unalingana, moto unamfikia kote. Chana paja mara mbili hadi karibu na mfupa ili viungo vizame.

Kuku wa kienyeji

Maungio ni yaleyale na yako mahali palepale, ila kano zake ni ngumu kama kamba ya katani na kiungo cha nyonga hakitoki kwa kubembelezwa. Noa upya katikati ya kazi. Hatua ya 3, chana kano zinazozunguka kichwa cha mfupa kwanza, ndipo ukunje. Hatua ya 8 kwa jogoo mzee haifanyi kazi, gegedu lake limeshakuwa mfupa. Pasua kando yake kwa kisu kizito, ukiweka kisu mahali pake kwanza kisha kuupiga mgongo wa kisu kwa kiganja. Usinyanyue kisu hewani. Hata hapo panga halihitajiki.

Na kama unamtoa utumbo mwenyewe, chunga nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichogandana na ini. Kata ini mbali nacho, afadhali upoteze kipande cha ini. Ikipasuka juu ya nyama, kata sehemu iliyoguswa na uioshe palepale, uchungu wake hautoki kwa limau. Firigisi ipasue kwa upande mwembamba, ifungue, mwaga mchanga, kisha bandua ile ngozi ya njano ya ndani kwa kucha. Inatoka kama ganda la yai lililochemshwa, ukianza vizuri.

Ukikwama

*Kisu kinagonga mfupa kila mara kwenye goti la paja.* Uko juu mno, kwenye mfupa wa paja lenyewe. Rudi kwenye mstari wa mafuta. Kwa kuku mwembamba mstari hauonekani, basi kunja goti na uweke kidole kwenye kishimo kinachojitokeza upande wa ndani.

*Ngozi inavutika badala ya kukatika.* Kisu ni butu au ngozi ina maji. Pangusa, noa, tumia ncha.

*Paja limetoka lakini kile kinofu kimebaki mgongoni.* Ulikata kiungo kabla ya kukwangua. Kitoe kwa kijiko, ukaange peke yako.

*Kidari kimechanika vipande.* Kikate vipande vidogo, kiende kwenye biriani au sambusa. Hakuna atakayejua. Kuku anayefuata, fanya mivuto michache mirefu badala ya mingi mifupi.

*Nyama karibu na mfupa ni nyekundu hata baada ya kuiva.* Kwa kuku wachanga rangi ya uboho hupenya kwenye mfupa na kuipaka nyama, hasa akiwa aligandishwa. Usihukumu kwa rangi. Kama huna kipimajoto, choma sehemu nene ya paja: umajimaji utoke bila wekundu na nyama iachie mfupa.

*Nimejikata.* Acha kuku. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kandamiza kwa kitambaa safi na unyanyue mkono. Kikiwa kirefu kwenda ndani, au damu haikomi, nenda zahanati, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Nyama iliyoingia damu yako usimpikie mtu.

*Kibao kina harufu.* Sabuni na maji ya moto kwanza, kisha chumvi na nusu limau, anika juani. Kikiwa na mifereji mirefu ya visu, hakisafishiki tena, kifanye kuni.

*Mifupa iende wapi?* Mgongo, shingo, ncha za mabawa na mfupa wa kidari vichemshe na kitunguu, tangawizi na pilipili manga nzima, moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili. Huipiki leo? Funga kwenye mfuko, weka kwenye friza, ngoja wafike kuku watatu. Vipande vyenyewe vikikaa friji bila kupikwa visizidi siku mbili.

*Mimi natumia nusu saa kwa kuku mmoja.* Mimi kwa kuku wangu wa kwanza nilitumia zaidi. Yupo Martin Yan, mpishi mzaliwa wa China aliyejipatia jina Marekani, anayefahamika kwa kumchambua kuku mzima kwa sekunde 18. Watu wanatazama kasi. Mtazame mikono: anachana kwenye kiungo, kisha nyama anaivuta kwa mkono. Wewe sahau sekunde. Kata kuku watano kwa utulivu, vidole vitaanza kujua njia bila kuuliza macho.

*Firigisi apewe nani?* Swali hili nalo linaulizwa kuliko unavyodhani, na kisu hakina jibu lake. Kuna nyumba ni ya baba, kuna nyumba ni ya mgeni, na kwa Waluhya wa Kenya ukimnyima mwenye nyumba ni kesi. Kwangu inakaangwa mapema na chumvi na ndimu, inaliwa hapohapo jikoni na aliyeshika kisu, na baba akiuliza anaambiwa kuku wa siku hizi wanauzwa bila firigisi.